Jamani vikopo vya kamera ndogo msivitupe

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Nilisoma kwenye gazeti lako la Jumapili ile makala ya kamera za zamani, nimeifurahia wallahi, ila kule mwishoni mwandishi alipofika kwa zile kamera ndogo za kufumbatwa kiganjani akasema ni vifaa vya majasusi na siku hizi ni mapambo ya kabatini tu kwa vile filimu zake hazipatikani tena, hapo nikaweka kikombe cha chai chini. Mi ninayo moja na sio pambo. Wiki iliyopita nlikuwa nayo Raskazone napiga picha watoto wanaoruka majini, na filimu iliyokuwa ndani nimeikata mwenyewe kwa nyembe mbili na kipande cha mninga. Kwaiyo naomba nafasi kidogo, na nikirefusha we kata tu popote ila pale pa vikopo usipaguse, maana ndio hasa palipofanya nishike kalamu.

Kwanza hilo la majasusi nilimalize maana linanichosha, kila nikitoa kamera barazani lazima mtu aulize mzee kumbe we usalama? Kamera wanayoisema ni Minox. Aliyeibuni ni Walter Zapp, mzaliwa wa Riga mwaka 1905, na ilianza kuuzwa huko huko Riga, Latvia, mwaka 1938. Alitaka kamera ya kubebwa na mtu yeyote kila mahali bila kulemewa, hakuwa na habari za kuiba siri za mtu. Majasusi waliipenda baadae wenyewe na sishangai, inalenga karibu hadi sentimita 20, na cheni yake ina vifundo vya kupimia umbali mpaka kwenye karatasi, unavuta kama fundi cherehani unajua hapa nipo sawa, unapiga ukurasa. Lakini kisu kikichomewa mtu hatusemi visu vyote vya jikoni ni vya wauaji. Basi.

Yangu sio Minox. Ni Minolta-16 II, ya Mjapani, ya miaka ya 60, alikuja nayo mjomba wangu aliyekuwa baharia. Akishuka melini mjomba hakukosi kitu mfukoni, mara redio, mara saa, safari ile kikawa hiki kidude tukadhani kiberiti cha gesi. Inafunguka kama kiberiti cha njiti kweli, unavuta lenzi inatokea, unasukuma inafunga, na huko kuvuta na kusukuma ndiko kunakosogeza filimu na kutega shata, kile kidirisha cha kupitishia mwanga, kwa picha inayofuata. Haina betri. Nasisitiza haina betri, ndio maana mpaka leo inapiga na zile za betri za umri wake nyingi zimekufa. Lenzi ni milimita 22 na uwazi wa 2.8, shata inaanzia 1/30 ya sekunde inapanda hadi 1/500, na hamna cha kufokasi, umbali umeshapangwa kiwandani, we kazi yako kupima mwanga kwa jicho. Kwa jua letu hili la saa sita hata kupima hakuna, filimu ya ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filimu kunasa mwanga) unaweka shata 1/500 na uwazi f8 unapiga, tatizo linakuja jioni tu na chini ya miembe.

Sasa ukubwa wa picha yenyewe, hapo ndipo watu huguna. Filimu ina upana wa milimita 16, ile ile ya sinema ndogo, na kila picha ni milimita 10 kwa 14, yani kama kucha ya kidole gumba. Walichagua 10 kwa sababu filimu ya sinema ilikuwa na matundu pande zote mbili na katikati ndio panabaki hapo. Minox ni ndogo zaidi, 8 kwa 11, na filimu yake upana milimita 9.2. Kiev-30 iliyotengenezwa Arsenal kule Ukraine enzi za Sovieti ni 13 kwa 17, kubwa kidogo. Ukichukua negativu ya kamera ya kawaida ya milimita 35 halafu ukapanga picha za Minox juu yake, zinaenea tisa. Ndio maana kila kosa dogo kwenye hizi kamera linakuwa kosa kubwa. Ukitaka picha ya sentimita 14 kutoka kwenye ile yangu ya milimita 14 umeikuza mara kumi, na punje ya vumbi ya robo milimita inakuwa milimita mbili na nusu, shangazi yako anatoka ana shimo la ndui shavuni ambalo hajawahi kuwa nalo.

Haya sasa vikopo. Filimu ya kamera hizi haiji kwenye kile kikopo cha duara mnachokijua. Ya Minolta ni vikopo viwili vidogo vyeusi vya plastiki vilivyoshikana kwa kidaraja, kimoja kinatoa filimu na kingine kinapokea, na jozi hiyo nzima ndio naiita kikopo, wengine wanaita kaseti. Kile cha kutolea hakina kitu ndani, filimu imejikunja tu yenyewe kama jongoo, cha kupokelea kina kigingi katikati ambacho ncha ya filimu inagandishwa pale. Ukimaliza picha zako 20 filimu yote imehamia upande wa pili. Hakuna kurudisha nyuma. Unatoa, unafungua kifuniko, unatoa filimu ukaisafishe, kikopo kinabaki mkononi kitupu na kizima kabisa, kinangoja kujazwa tena.

Kinangoja kujazwa tena! Hiki ndio kitu ambacho mwandishi wako hakukijua na wala simlaumu, hata duka moja la picha kule Dar hawakukijua. Zamani kidogo kabla sijajifunza kusafisha mwenyewe nlipeleka filimu mbili huko, nimepanda basi alfajiri, kijana akanipokea vizuri akasema mzee wangu njoo baada ya siku tatu. Nikarudi.

"Shikamoo mzee, negativu zako hizi hapa, zimetoka safi."

"Marahaba mwanangu. Na vikopo viko wapi?"

"Vikopo gani mzee?"

"Si vile vyeusi vilivyokuja na filimu."

"Aaah vile, tumevitupa, si vilikuwa vitupu?"

Mhariri, nlikaa kwenye benchi lao pale dakika nzima sijasema neno. Nlikuwa na vikopo vitano dunia nzima nikabaki na vitatu. Yule kijana akaona uso wangu akaenda mwenyewe mpaka kwenye pipa, kumbe taka zilishabebwa asubuhi. Sikugombana nae, angejuaje. Filimu ya kawaida kikopo kikishatoka kazi kinatupwa na hakuna anayelia.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kamera zipo, za chuma, ukiitunza inakuzika. Filimu ya saizi yake hata kama haiuzwi, inakatwa kutoka kwenye filimu kubwa, ntaeleza. Kikopo ndio kiwanda hakikitengenezi tena, na Konica Minolta wenyewe walishajitoa kwenye biashara ya kamera tangu 2006, kwaiyo huna pa kumwandikia barua. Plastiki yenyewe ina miaka hamsini na ushee, inapasuka kifuniko, na kila kinachopasuka si rahisi kukipatia mrithi. Mtu ana kamera nzuri inang'aa na hawezi kupiga hata picha moja kwa kukosa kijiplastiki kisichozidi uzito wa karanga mbili.

Kukata filimu sasa. Nlipeleka maelezo kwa fundi seremala mmoja hapa Ngamiani, akanichongea kipande cha mninga chenye mfereji, juu nikabana nyembe mbili zilizoachana milimita 16, unapitisha filimu ya kawaida ya milimita 35 chini yake unavuta taratibu, katikati inatoka ya 16 isiyo na matundu, kandoni zinabaki tepe mbili zenye matundu unatupa. Kati ya matundu na matundu kwenye filimu ya 35 kuna kama milimita 25, kwaiyo nafasi ipo. Wenye filimu pana ya 120 wanafaidi zaidi, ile ina milimita 61, unapata mikanda mitatu ya 16 na kinachobaki ni 13 ambacho mwenye Minox anaweza kukipunguza kikamfaa. Mi natumia ya 35 kwa vile ndio naipata. Filimu ya picha 36 ina urefu wa karibu mita moja na nusu au zaidi kidogo, na kikopo kimoja kinakula karibu nusu mita, basi filimu moja inajaza vikopo vitatu, yani picha 60 kwa bei ya 36. Hebu niambie duka gani linakupa hiyo.

Ila usidhani nlipatia mara ya kwanza. Nyembe zangu za mwanzo nlipima kwa rula ya shule ya mjukuu na zikaachana kama 16 na nusu, nusu milimita nikasema si kitu, nikajaza nikaenda nayo harusini Chumbageni. Picha ya nane kamera ikagoma. Nikavuta, ikagoma, nikavuta kwa nguvu (kosa), ikaachia na ikaendelea mpaka 20 nami nashukuru kumbe filimu imekwama kwenye kidaraja, picha kumi na mbili zimepigwa juu ya mahali pamoja, bi harusi kageuka jini la mikono ishirini. Ikizidi wembamba nayo inacheza picha inapinda. Baada ya hapo nikaazima kipimo cha chuma kwa fundi wa mashine, kile cha kubana, nikapanga nyembe upya, na wino wa peni nikaandika juu ya mbao USIGUSE maana watu wa nyumba hii wanatafuta wembe wa kukatia kucha kila siku.

Kujaza ndio patamu. Lazima giza, sio giza la pazia, giza la kaburi. Na taa nyekundu ile mnayoiona kwenye sinema isikudanganye, filimu hizi za kawaida zinaona rangi zote hata nyekundu, ukiiwasha umeunguza. Kuna mifuko maalum ya kuingizia mikono mi sina, mi nangoja usiku, na umeme ukikatika mtaa mzima wenzangu wanalalamika mi nafurahi, naingia stoo naziba chini ya mlango kwa kanga mbili za mama watoto naanza. Kila kitu nimeshakipanga mezani kwa mpangilio kabla: mkasi kulia, kipande cha selotepu nimekibandika ukingoni mwa meza, kikopo mbele, vifuniko viwili ndani ya kisosi visibingirike. Unashika filimu kwa kingo tu. Upande wenye dawa unaujua kwa mdomo, ukigusisha ncha kwenye mdomo wenye unyevu kidogo upande wa dawa unanata, basi huo ndio uangalie ndani unapokunja. Unagandisha ncha kwenye kigingi cha kupokelea, unapitisha mkanda kwenye kidaraja, halafu ule urefu wote unaukunja uwe msokoto mdogo kama ukindu unaoanzia mkeka, unausukumia kwenye kopo la kutolea, ukiachia mapema unafyatuka woote unakwenda sakafuni unaokota na vumbi lake. Huku jasho linatiririka maana stoo haina dirisha, na tone moja la jasho likidondoka kwenye filimu ndio picha tatu zimekwenda. Mara ya kwanza ilinichukua dakika arobaini, na mama watoto akawa anagonga mlango, "Baba we mzima humo?" nami siwezi kufungua wala siwezi kukasirika. Siku hizi dakika sita. Anayetaka kujifunza aanze mchana kweupe na filimu iliyoharibika, afanye mara ishirini anaona, halafu mara ishirini kafumba macho.

Kusafisha ntapita haraka maana wapiga picha wa zamani mtaa huu wanajua kuliko mimi. Dawa ya kutoa picha ni D-76, na ya kukazia tulikuwa tukiiita haipo, ndio hypo ya Kizungu, na siku hizi ukienda kuulizia dukani kweli haipo, unaagizia watu wa Dar. Sina ule mtambo wa kuzungushia filimu ya 16, ila nusu mita ni urefu unaolingana na mikono yangu, nashika ncha hii na hii gizani filimu inaning'inia kama bembea naipitisha kwenye bakuli la dawa juu chini, juu chini, mpaka simu iliyo nje ya mlango ilie. Shida ya pwani ni joto. Dawa inataka nyuzi 20 na maji ya bomba ya Tanga wakati wa kaskazi yanatoka kama ya kuogea mtoto mchanga, dawa ikiwa ya moto inakimbia, picha inatoka chembechembe na mabaka. Nanunua barafu za vifuko za watoto wa jirani, naweka bakuli la dawa ndani ya beseni lenye barafu, natumbukiza kipimajoto nangoja. Ile ya ubuyu usichukue, ikipasuka inachafua kila kitu. Na filimu iwe ya polepole, ISO 100 au chini yake, ya 400 kwenye picha ya ukubwa wa kucha utaona mchanga mtupu.

Kukausha nakausha bafuni, kwanza namwaga maji sakafuni vumbi litue, nafunga mlango, na ole wake atakayeingia kabla saa mbili hazijapita. Kamera yenyewe inalala kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mchele mkavu ndani maana unyevu wa huku unaotesha ukungu kwenye lenzi, nimeziona za watu zimeota utando mweupe kama mtoto wa jicho. Kukuza picha nako sihitaji mashine, naweka negativu juu ya kipande cha plastiki nyeupe, chini yake simu ya mjukuu imewashwa skrini nyeupe, juu napiga kwa simu yangu na kilenzi cha kusogezea karibu. Wapo watakaoniambia si ungepiga na simu moja kwa moja. Ningeweza. Pia ningeweza kununua vitumbua, ila mama watoto bado anachoma vyake.

Kuna negativu moja ya mjomba kwenye bahasha, kapiga bandarini au karibu na bandari sijui, bibi yangu amesimama kashika mwavuli na nyuma yake kuna kiberenge cha mkonge. Nlikuwa nayo miaka yote sijui ni nani kwa udogo wake, mpaka nlipoikuza mwaka juzi ndio nikamtambua kwa ile pete. Nlimwita dada yangu aje aone, alikuja na baiskeli kutoka Makorora kwenye jua la saa nane.

Basi ombi langu kwa wasomaji wako, na kwa maduka ya picha yaliyobaki. Fungueni madroo. Watu wa Tanga mabaharia walikuwa wengi, na wafanyakazi wa reli na wa mashamba ya mkonge nao wapo walioletewa vitu hivi, na watoto wao sasa wanahama nyumba wanachoma takataka. Mkiona vikopo viwili vyeusi vimeshikana kama mapacha, au kimoja kidogo zaidi cha Minox, msichome. Hata kikiwa na filimu ya mwaka 1975 ndani acheni hivo hivo msifungue kwenye mwanga. Vile vya plastiki vya 110 vya Kodak vya mwaka 1972 na kuendelea vinajazika pia ingawa ni shughuli, kwanza vimegundishwa lazima ubandue bila kupasua, pili kamera zake nyingi zinasikilizia tundu kwenye filimu ndio zitege, ukiweka isiyo na tundu hazitegi, lakini kuna wanaohangaika navyo wakapata. Na nyie wenye studio mkipokea filimu ya namna hii ulizeni kwanza mwenye mali kabla ya kutupa kitu.

Mi ninavyo vitatu. Kimoja kifuniko kimepasuka nakibana kwa selotepu nyeusi na bado kinavujisha mwanga kidogo kwenye picha ya kwanza, kwaiyo ya kwanza napiga ukuta. Cha pili kizima. Cha tatu kipo ndani ya kamera sasa hivi, zimebaki picha sita, na mjukuu kanung'unika tangu asubuhi anataka nimpige picha na baiskeli aliyonunuliwa, nami nangoja jua lipande juu ya ukuta wa jirani.

Mzee wa Ngamiani,
Tanga